Kilango Namba Saba

Simu ilitetemeka mara tatu, ikanyamaza.

Asteria Ndaki hakuipokea. Alikuwa juu ya ngazi, ndani ya chumba cha mitambo kwenye paa la Jengo la Lubanda, kichwa kikiwa ndani ya bomba la hewa na tochi ameibana menoni. Alimaliza kukaza skrubu ya mwisho. Akashuka. Akafuta vumbi mikononi, ndipo akaitoa simu kwenye mfuko wa ovaroli.

"Shangazi ametoka Kharumwa na kuku wawili. Atakula kwako mchana."

Aliusoma ujumbe. Akaufuta.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Jua la Geita lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Barabarani, ghorofa sita chini, bodaboda zilipigiana honi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa Mageni, broka wa dhahabu aliyezunguka machimbo ya Nyang'hwale kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke aliyejua kila mzigo unaotoka shimoni unapita mikononi mwa nani. Kuku wawili walikuwa maofisa wawili wenye bastola chini ya makoti. Saa nane mchana Mageni angekaa mbele ya kamati ya uchunguzi, katika ukumbi wa chini ya ardhi wa jengo hili hili, awataje wanaotorosha dhahabu kupitia Buseresere kwenda ng'ambo ya mpaka.

Jina la kwanza lilikuwa na ofisi ghorofa ya tano.

Hartog.

Mzungu mrefu, mwenye pasipoti mbili na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha watu wengi waliozaliwa Geita. Kampuni yake iliitwa Ruvane Minerals. Kwenye karatasi ilinunua mawe ya sampuli. Kwa miezi mitatu Idara ya Usalama ilitaka kujua inanunua nini hasa, na kwa miezi mitatu Asteria alikuwa amevaa ovaroli ya bluu na kitambulisho kilichoandikwa FUNDI WA MIFUMO.

Kitambulisho hakikudanganya. Kabla Idara haijamchukua alikuwa fundi kweli. Viyoyozi, milango ya umeme, ving'ora vya moto, lifti, taa zinazojizima zenyewe: jengo kama Lubanda lilikuwa na ubongo mmoja unaoviongoza vyote, na Asteria alikuwa daktari wa ubongo huo. Alikuwa na funguo za kila chumba. Alipita kila ofisi akiwa na ngazi begani, na watu waliendelea kuzungumza kama vile imepita feni.

Alirudi kwenye kazi yake.

* * *

Saa tano kasoro dakika kumi, redio ya upepo ya Motorola iliyoning'inia kiunoni mwake ilikohoa.

"Dada fundi, pokea."

Ilikuwa sauti ya Marwa, mkuu wa ulinzi wa jengo. Mtu wa Tarime, mabega kama mlango, na mkweli mpaka anaudhi.

"Pokea hapa, Marwa."

"Nakujulisha tu. Kile kikao cha chini kimeletwa mbele. Mwenyekiti anatakiwa Shinyanga jioni. Wameshaingia na milango imefungwa. Ukumbini kuna joto kidogo, waongezee ubaridi."

Asteria aliisogeza redio mdomoni.

"Mgeni wao amefika?"

"Yule mama? Kaingia sasa hivi. Amegoma kuacha kikapu chake. Simu zao zote ninazo mimi hapa mlangoni, ni amri ya mwenyekiti."

"Wako wangapi?"

"Thelathini na wanane."

"Sawa. Usitoke hapo mlangoni."

"Nitoke niende wapi?"

Kabla hajajibu, alisikia kitu.

Mlio mdogo. Kama mtu anayesaga meno usingizini.

Uligeuka, ukakoma, ukageuka tena kurudi ulikotoka.

Asteria alisimama tuli. Alizijua sauti zote za chumba hiki. Mlio huo ulikuwa wa mota ndogo inayozungusha kilango cha hewa, kibao cha chuma kinachofunguka na kujifunga ndani ya bomba. Vilango kumi na viwili vilipita hapa. Aliufuata mlio kwa tochi.

Namba saba.

Kilango namba saba hakikupaswa kusogea. Tangu jengo lijengwe, kilikuwa kimefungwa. Upande mmoja kilipakana na bomba la chumba cha hifadhi, ambako wanunuzi waliweka dhahabu yao kabla ya kusafirishwa. Upande wa pili, bomba la ukumbi.

Na kimesogea. Kimefunguka, kisha kimejifunga.

Mtu alikuwa anakijaribu.

Asteria alipiga magoti, akaifungua kompyuta yake ya Panasonic yenye kona zilizochubuka, akachomeka waya kwenye kidhibiti, kile kisanduku cha ukubwa wa tofali kinachoongoza hewa ya jengo zima. Maandishi yalishuka kwenye kioo. Aliyapitia haraka. Aliyaandika mwenyewe karibu yote, na aliijua kila sentensi.

Isipokuwa nne.

Gesi ya hifadhi ikiachiwa, fungua kilango namba saba.

Funga hewa safi ya ukumbi.

Shikilia milango ya ukumbi.

Usipige king'ora.

Alizisoma mara mbili.

Chumba cha hifadhi kililindwa dhidi ya moto kwa mitungi kumi na miwili ya gesi ya kaboni. Gesi hiyo huzima moto kwa kuuondolea hewa. Mtu naye humzima hivyo hivyo, tena kwa dakika chache, bila damu, bila risasi. Kesho yake magazeti yangeandika kwamba mfumo wa jengo ulipata hitilafu, na fundi angetafutwa kwa maswali.

Thelathini na wanane. Ili kumnyamazisha mmoja.

Chini ya sentensi hizo kulikuwa na jina la aliyeingia kuziandika, na siku. Jumapili. Jina lilikuwa Eustace.

Eustace, mwangalizi wa chumba cha udhibiti. Kila asubuhi walikunywa chai pamoja, yeye akilalamika kwamba chapati za Geita hazifikii za Muleba.

Asteria alijaribu kuzifuta zile sentensi. Kioo kikamjibu kwa herufi nyekundu: neno la siri si sahihi.

Lilikuwa limebadilishwa.

* * *

"Marwa, pokea!"

"Pokea."

"Hapo mlangoni kuna kitufe cha kijani cha dharura. Kibonyeze."

"Mwenyekiti atanifukuza kazi."

"Kibonyeze, Marwa!"

Sauti yake ikarudi, imebadilika.

"Nimebonyeza. Mlango haufunguki."

"Rudia."

"Nimerudia mara tatu. Dada, hiki kitu kimekufa."

"Upige mlango bega."

"Huu ni wa chuma, hata mimi siuwezi. Kuna nini?"

"Endelea kugonga. Waambie wasimame juu ya viti. Wasikae chini, wasilale chini. Piga kelele hadi wakusikie."

Aliiacha redio, akapiga simu. Luka alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa mkubwa wake, mzee wa sauti ya taratibu aliyekaa ofisini Mwanza na kuongea kama mtu asiyekuwa na haraka hata nyumba ikiungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Wanataka kuingiza gesi ukumbini. Kikao kimeshaanza, milango imeshikwa. Hartog anaweza kuiachia kwa kompyuta akiwa mezani kwake."

"Kwa njia gani?"

"Intaneti ya jengo. Ikateni. Yote."

"Dakika nne."

"Sina nne, mzee."

"Basi mbili," alisema Luka, na simu ikakatika.

Asteria alibaki amekitazama kioo. Kwenye kona kulikuwa na alama ndogo za vihisi moshi vya chumba cha hifadhi. Kijani. Kijani.

Moja ikawa nyekundu.

Hakukuwa na moshi. Mtu alikuwa anaidanganya mashine.

Ya pili ikiwa nyekundu, mitungi ingejifungua yenyewe.

Alichomoa waya, akaiunga kompyuta na intaneti ya jengo, akaanza kukimbia huku ameishika wazi kama sinia. Lifti zilikuwa zimeshashuka na kujifunga, kama zinavyofanya zikiona alama ya moto. Alichukua ngazi. Ghorofa ya sita. Ya tano. Mlango wa Ruvane ulikuwa wazi kidogo, na ndani hakuona mtu. Ya nne.

Katikati ya ya nne na ya tatu, mawasiliano kwenye kioo yalizimika yote.

Luka.

Asteria alisimama, akavuta pumzi moja ndefu. Hartog hawezi tena kuiachia gesi kwa kompyuta.

Kisha akakumbuka ule mlango wa ofisi uliokuwa wazi.

Mitungi ina mkono wa chuma. Wa kuvuta kwa nguvu, siku umeme umekatika. Gesi ikipita tu kwenye bomba, kidhibiti kingetimiza zile sentensi nne bila kumuuliza mtu na bila kuhitaji intaneti. Hartog alikuwa ameshaondoka mezani kwake. Alikuwa anashuka kuuvuta mwenyewe.

Aliitupa kompyuta kwenye kona ya ngazi na kukimbia mikono mitupu.

* * *

Chumba cha udhibiti kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya mapokezi. Kimefungwa kwa ndani.

"Eustace! Fungua."

Chini ya mlango aliona kivuli cha miguu.

"Eustace, najua uko hapo. Ninayaona mabuti yako."

"Dada Asteria, nenda zako," ilisema sauti. "Dakika kumi tu. Baada ya dakika kumi kila kitu kitakuwa kama zamani."

"Walikuambia ni kitu gani?"

"Ni kufunga milango. Wanataka simu ya yule mama, iko kwenye boksi la Marwa. Watu wasitoke mpaka ichukuliwe. Basi."

"Na kilango namba saba?"

"Kipi?"

Asteria aliweka paji la uso kwenye mlango. Alikuwa na bastola mguuni. Alikuwa na haki ya kuitumia. Lakini mtu aliyeuliza "kipi" kwa sauti ile hakuwa anadanganya.

"Nisikilize," alisema. "Wametumia jina lako kuandika sentensi nne. Moja inafungua njia ya gesi ya hifadhi kuingia ukumbini. Nyingine inazima king'ora. Wamo watu thelathini na wanane. Serafina yumo, yule karani unayemnunulia soda. Baada ya dakika kumi hakuna kitakachokuwa kama zamani."

Ufunguo uligeuka.

Eustace alisimama mlangoni, shati limeloa, macho yamemtoka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, na wakati huo alionekana wa sabini.

"Hakuniambia gesi," alisema. "Naapa kwa Mungu, hakuniambia gesi. Hartog alisema nisipompa neno la siri atawaonyesha polisi picha zangu za siku ile nilipompitishia mzigo getini. Nilifikiri ni milango tu."

"Utalia baadaye. Nikizima umeme wa ukumbi, milango itaachia?"

"Haitaachia. Kuna betri ya akiba. Sumaku zitashika saa nzima."

"Betri iko wapi? Kwenye kabati lake hakuna, nimepita juzi."

Eustace alifumba macho.

"Nimeihamisha mimi. Iko juu ya dari, korido ya chini, karibu na choo cha wanaume."

"Zima umeme wa milango ya chini, kisha kaing'oe."

"Na wewe?"

"Kwenye mitungi."

Alikuwa ameshageuka aliposikia mabuti ya Eustace yakigonga sakafu nyuma yake, upande wa pili, kwa mbio ambazo hakuwahi kudhani mtu yule anazo.

* * *

Chumba cha mitungi kilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido nyembamba. Kutoka huko alimsikia Marwa akipiga mlango wa ukumbi kwa kitu kizito, na kutoka ndani, ngumi nyingi zikijibu.

Asteria aliingia. Hakuna mtu. Amewahi.

Mitungi kumi na miwili ilisimama safu mbili, myekundu, kila mmoja mrefu kama mtu. Mabomba yao yaliungana kuwa bomba moja nene lililopanda ukutani. Kwenye mtungi wa kwanza kulikuwa na ule mkono. Kwa kawaida hushikiliwa na pini ya chuma ili mtu asiuvute kwa bahati mbaya.

Pini haikuwepo. Hartog alikuwa ameitoa siku nyingine, kwa utulivu wake.

Alitafuta waya, msumari, chochote cha kuchomeka mahali pake. Chumba kilikuwa kimefagiwa.

Basi, kama hawezi kuzuia gesi isitoke, angeizuia isifike.

Ukutani ilining'inia spana kubwa ya bomba. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana kwenye kiungo kikubwa pale bomba nene lilipoanza kupanda. Akavuta. Kiungo hakikusogea. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa uzito wake wote mpaka akaona nyota.

Kikakubali.

Mzunguko mmoja. Miwili. Mitatu. Kilibaki kimeshikwa na nyuzi chache.

"Weka hiyo spana chini, fundi."

Asteria hakugeuka haraka. Aliiacha spana iteleze mpaka sakafuni, kisha akageuka.

Hartog alisimama mlangoni, amevaa shati jeupe, mkoba mzito mgongoni; alikuwa amepitia kwanza chumba cha hifadhi. Mkononi Glock yenye kizuia sauti. Alikuwa anahema kidogo kwa sababu ya ngazi. Aliingia, akauvuta mlango nyuma yake, nao ukajifunga.

"Sikukudhania," alisema. "Wengine wote niliwadhania. Mpishi, yule dada wa mapokezi. Wewe niliwahi kukuomba unirekebishie kiyoyozi."

"Na nilikirekebisha."

"Vizuri sana. Tangu siku hiyo kilifanya kazi."

"Kilikuwa pia kinakusikiliza."

Tabasamu la Hartog lilififia. Alisogea kando, ukuta ukiwa mgongoni mwake, bastola ikiwa imeelekea kifuani kwa Asteria. Jicho lake lilipita kwenye mkono wa mtungi wa kwanza. Upo palepale. Haujaguswa. Aliona fundi amechelewa.

Bomba hakulitazama.

"Yule mama amekula dhahabu yangu miaka sita," alisema. "Leo amekuwa mtakatifu."

"Mle ndani wamo watu wengine thelathini na saba."

"Ajali haichagui."

"Acha, Hartog. Intaneti imekatwa. Barabara ya Buseresere imefungwa. Ukiuvuta huo mkono utakuwa umejiua."

"Geita wanapenda sana kunitisha," alisema Hartog, akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta.

Asteria aliruka.

Sauti iliyofuata haikuwa ya gesi. Ilikuwa kama treni imeingia chumbani. Kile kiungo kilichoshikwa na nyuzi chache kilichomoka, bomba nene likaruka kutoka ukutani, na wingu jeupe, la baridi ya kukata ngozi, likamwagika chumba kizima kwa pigo moja. Taa zilipotea. Ukuta ulipotea.

Risasi ya kwanza ilipiga mtungi. Ya pili ilipiga dari.

Asteria alikuwa amefumba macho na kinywa. Alikuwa ameivuta pumzi yake kabla Hartog hajavuta mkono, na sasa aliibana kama mtu anayebana mlango dhidi ya mafuriko. Gesi hii ni nzito. Hutuama chini kama maji. Kwa miaka kumi alikuwa amewafundisha mafundi wapya: ukiwa ndani nayo, panda.

Alipapasa, akashika fremu ya mitungi. Akaweka buti juu ya vali. Akapanda. Chuma kilikuwa cha baridi mpaka kikamnata kiganjani, na alipokibandua aliacha ngozi. Alipanda hadi kichwa kikagusa dari, akaingiza pua kwenye upenyo wa nyaya.

Hewa. Kidogo, yenye harufu ya vumbi. Alivuta nusu.

Chini yake, Hartog alikohoa. Akakohoa tena. Aliita jina ambalo Asteria hakulijua. Alikuwa anatafuta mlango kwa mikono, na alikuwa ameinama, kama watu wafanyavyo wakikimbia moshi.

Kosa.

Asteria alisikia magoti yake yakigonga sakafu. Kisha bastola. Kisha mwili.

Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mitungi iliendelea kuunguruma. Masikio yalimpiga kelele, na mbele ya macho yaliyofumbwa zilianza kucheza cheche. Wazo lilimjia, safi na rahisi: mwache. Panda juu ya mtungi ule wa mwisho, toka mlangoni, mwache alale humo.

Kisha akawaza majina yaliyo kichwani mwa mtu yule. Nani getini. Nani ofisini. Nani mpakani.

Na hata bila majina. Alikuwa mtu, amelala sakafuni.

Alivuta pumzi ya mwisho kwenye upenyo, akajiachia.

Baridi ilimfika shingoni. Alimpapasa kwa miguu, akampata, akamshika ukosi wa shati na kamba ya mkoba. Akavuta. Mtu mrefu ni mzito. Hatua moja. Ya pili. Mgongo wake ukagonga mlango.

Kitasa hakikugeuka.

Mlango huu nao ulikuwa na sumaku ya betri ileile. Na sumaku ilikuwa imeshika.

Pumzi ilikuwa inaisha. Kifua kilianza kuruka chenyewe, kikitaka kuvuta hata kama ni sumu. Aliugonga mlango kwa kisogo. Mara moja. Mara mbili.

Eustace, alisema moyoni. Eustace, haraka.

Tak.

Sauti ndogo kabisa. Sumaku ilikufa.

Mlango ulifunguka kwa uzito wao wote wawili, nao wakaangukia koridoni, na Asteria akavuta hewa ya Lubanda yenye harufu ya dawa ya kusafishia choo. Hakuwahi kunusa kitu kizuri kuliko hicho.

* * *

Milango ya ukumbi ilifunguka wakati huohuo. Watu walitoka mbio, wengine bila viatu, wengine bado wamebeba viti walivyoambiwa wapande. Marwa aliwasukuma kuelekea ngazi kama mtu anayepakia mifugo. Hakuna aliyekuwa amevuta gesi. Mwenyekiti alikuwa anauliza nani atawajibika.

Korido ya chini, karibu na choo cha wanaume, Eustace alikaa sakafuni katikati ya vipande vya dari. Amekumbatia betri. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua kwa nyaya alizozing'oa bila glavu.

Marwa alifika na pingu mbili. Moja aliifunga kwa Hartog, aliyekuwa anatapika ukutani, anahema, hai. Ya pili aliishika bila kujua aitie wapi, kwa sababu ya ile mikono.

"Dada," alisema Eustace bila kunyanyua uso. "Utanisemea?"

Asteria alimchuchumalia.

"Nitasema ulichofanya," alisema. "Chote. Cha Jumapili na cha leo."

Eustace alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimdondoka juu ya betri.

Nje, kwenye maegesho, jua la saa sita lilimpiga Asteria usoni. Gari la wagonjwa liliingia, na Land Cruiser mbili za polisi nyuma yake. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi, wanaongea kwa pamoja.

Mageni alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, kikapu mapajani. Mwanamke mnene, wa kitenge cha kijani, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri basi. Maofisa wake wawili walitaka kumwingiza garini. Hakutikisika.

"Mhola, mayu?" Asteria alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, mwanangu." Mageni aliitazama ile ovaroli iliyojaa vumbi, akaitazama na mikono iliyochubuka. "Ni wewe ulisema tupande kwenye viti?"

"Ni mimi."

"Mimi magoti yananisumbua. Lakini nilipanda." Aligeuka upande wa mwenyekiti, akapaza sauti ile ya watu waliozoea kupigana bei machimboni. "Mzee! Tunangoja nini? Mimi sijatoka Kharumwa kuja kuangalia magari."

"Mama, kikao kimeahirishwa," alisema mwenyekiti. "Usalama wako..."

"Usalama wangu nimeuona. Leo nimefungiwa ndani nife, na sijasema hata neno. Mnataka nikalale halafu nirudi kesho? Kesho nitakuwepo?" Alipiga kikapu kwa kiganja. "Karani yuko wapi?"

Serafina, yule karani, alisogea. Kiatu chake kimoja hakikujulikana kilipo. Alivuta kiti, akafungua daftari juu ya goti.

"Andika," alisema Mageni. "Wa kwanza ni huyo wanayemtoa kwa machela. Wa pili andika vizuri, maana yuko hapa hapa kwenye maegesho, amevaa tai nyekundu, na anaanza kurudi nyuma."

Watu wote waligeuka.

Mtu mwenye tai nyekundu, mjumbe wa kamati aliyependekeza kikao kiletwe mbele, alifika hadi kwenye gari lake. Mlango aliufungua. Kuingia hakuwahi. Marwa alikuwa ameshasimama nyuma yake, na hatimaye alikuwa amepata pa kuitia ile pingu ya pili.

Simu ya Asteria ilitetemeka.

"Sema, mzee."

"Magari mawili Buseresere," alisema Luka. "Yameshikwa na mzigo. Dereva mmoja alikuwa anamngoja Hartog tangu asubuhi, bado injini inaunguruma. Umeumia?"

"Ngozi kidogo."

"Kuna basi la Shinyanga saa saba. Utakutana na mtu wetu kule."

"Sawa."

Aliivua ovaroli palepale kando ya ukuta, akaikunja, akaiacha hapo. Ndani alikuwa na gauni la kawaida, kama dada yeyote anayekwenda sokoni. Akamtafuta Marwa, akamkabidhi funguo zote, kilo nzima ya chuma.

Marwa alizitazama. Akamtazama yeye. Kuna kitu kilikuwa kinajipanga polepole nyuma ya uso wake mpana.

"Dada fundi," alisema. "Wewe ni nani hasa?"

"Uliniita jina langu sasa hivi."

"Na hili jengo? Milango imekufa, gesi imejaa huko chini, viyoyozi vimezima. Nifanye nini?"

Asteria aliinua mkono. Bodaboda moja ilikata kona upande wa pili wa barabara na kuja.

"Fungua madirisha yote," alisema, akipanda. "Halafu mwite fundi."

Boxer ilinguruma, ikaingia katikati ya magari, ikapotea upande wa stendi.